Watoto wa Mwenzetu Mbele ya Jaji



Kila tunapopiga simu nyumbani Tanzania, hasa tukizungumza na wazee, swali moja halikosi: "Hivi ni kweli huko Marekani serikali inawanyang'anya watu watoto wao?" Zamani tulicheka na kujibu kwamba hayo ni maneno ya mitaani. Siku hizi hatucheki tena. Jibu letu limekuwa refu, na kwa kuwa mhariri ametupa nafasi, tutalitoa lote hapa. Tulikaa ndani ya jambo hili zaidi ya mwaka mzima, tukiwa tumeapishwa na jaji.

Sisi ni mume na mke. Mama wa nyumba hii, ambaye ndiye anayeshika kalamu, ni muuguzi mwenye stashahada aliyoipata nyumbani. Tulipohamia huku mwaka 2008 ilimbidi arudi kwenye vitabu na kufanya mtihani wa leseni kabla ya kuruhusiwa kumgusa mgonjwa. Baba wa nyumba ni dereva wa malori. Tunaishi katika mji mmoja wa jimbo la Texas ambao hatutautaja, na sababu yake mtaiona hapo mbele. Tuna watoto watatu. Kanisani kwetu ibada ya Kiswahili huanza saa nane mchana, wenye jengo wakishamaliza ibada yao, na mama yumo katika kamati ya akina mama, ile kamati inayopika pilau kila penye msiba na kila penye harusi.

Mwaka 2017, baada ya matangazo, mama mmoja Mmarekani alisimama mbele yetu na mkalimani wake akaeleza kazi ya kujitolea inayoitwa CASA. Maana ya herufi hizo ni mtetezi maalumu wa mtoto aliyeteuliwa na mahakama. Chanzo chake ni jaji mmoja wa mji wa Seattle aitwaye David Soukup. Katika miaka ya 1970 jaji huyo alikuwa akiamua kesi za watoto waliopigwa au kutelekezwa, na moyo wake haukuwa na amani. Aliwasikia maafisa wa serikali, aliwasikia mawakili wa wazazi, lakini hakumwona mtu aliyemjua mtoto mwenyewe. Basi aliomba watafutwe watu wachache waje wazungumze wakati wa chakula cha mchana. Alitegemea wanne au watano. Walikuja hamsini. Kazi ilianza mwaka 1977, na leo iko karibu nchi nzima.

Mtetezi huyu si wakili, si afisa ustawi wa jamii, wala si mlezi anayekaa na mtoto. Ni jirani tu, raia wa kawaida, aliyepewa na jaji ruhusa ya kusoma jalada la mtoto, kumtembelea, kuzungumza na mwalimu wake, daktari wake, mzazi wake na wale wanaomlea, kisha kuandika kwa jaji kile alichokiona. Afisa mmoja wa serikali anaweza kuwa na watoto wengi mno mikononi mwake. Mtetezi hupewa familia moja. Hapo ndipo ilipo nguvu ya kazi hii, na kwa maoni yetu hakuna siri nyingine.

Watoto wenyewe ni wengi. Mwishoni mwa Septemba 2022, Marekani ilikuwa na watoto takriban 368,000 waliotolewa kwa wazazi wao na kuwekwa kwa walezi wa muda. Kwetu sheria huyaita malezi ya namna hiyo malezi ya kambo. Neno hilo lina maana nyingine masikioni mwa watu wengi, kwa hiyo sisi tutasema walezi wa muda.

Jioni hiyo tulipofika nyumbani, mama alikuwa tayari ameamua. Baba hakuwa tayari. "Mama, hawa wana nchi yao," alisema. "Tukijiingiza kwenye watoto wa watu, kesho watakuja kuhesabu wa kwetu."

Alikuwa na sababu, akina mama, na hatuoni haja ya kuificha. Katika miaka ya mwanzo, baba akiwa barabarani na lori na mama akiwa kwenye zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, binti yetu wa kwanza, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi, alilala peke yake na wadogo zake. Haikuwa usiku mmoja. Tulibandika namba ya simu kwenye mlango wa friji, tuliomba, tulifunga mlango, tuliondoka. Sheria ya Texas haitaji umri ambao mtoto anaweza kuachwa peke yake nyumbani. Unaweza kudhani kuwa hiyo ni nafuu kwa mzazi, lakini maana yake ni kwamba hujui uko upande gani mpaka litokee jambo. Kwetu halikutokea.

Mwisho baba alikubali, kwa sharti kwamba tufanye pamoja, kwani wenyewe huruhusu mume na mke kushika kesi moja. Tulichukuliwa alama za vidole, tulichunguzwa, na tulikaa darasani saa thelathini, jioni kwa jioni. Kisha tulisimama mbele ya jaji, tukainua mkono na kuapa kwamba tutaangalia lililo bora kwa mtoto na kutunza siri zake. Kwa ajili ya kiapo hicho hatutaji jina la mtu wala la mji, na baadhi ya mambo madogo tumeyabadilisha.

Septemba 2018 msimamizi wetu alipiga simu. Kulikuwa na familia ya wakimbizi kutoka Congo, waliokaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kuletwa Texas. Wanasema Kiswahili. Je, tunawafahamu? Hatukuwafahamu, wao walisali kwingine. Tulichukua kesi.

Jalada lilikuwa nene kama kitabu cha nyimbo. Tulilisoma katika chumba kidogo, siku mbili, kwa kahawa ambayo hatuna la kuisifia. Mama mjane, watoto watatu: binti wa miaka tisa, kaka yake wa miaka mitano, na mdogo wa mwaka mmoja na miezi minane. Mama anafanya kazi usiku katika kiwanda cha kuku. Usiku mmoja wa Agosti watoto walikuwa peke yao. Saa kumi na moja alfajiri mdogo alilia njaa, na binti akaamka kumpikia uji. Mtoto alinyoosha mkono, akashika mpini wa sufuria na kuivuta. Uji ulimmwagikia kifuani.

Hapa muuguzi alisimama kusoma. Kule kwetu sufuria hazina mpini. Kule kambini sufuria hukaa juu ya mafiga, na mtoto hufundishwa asisogelee moto. Hizi za huku zina mpini mrefu unaochomoza nje ya jiko, kwenye kimo kilekile cha kichwa cha mtoto anayejifunza kutembea. Hakuna aliyemwambia mama huyu. Sisi nasi hakuna aliyetuambia. Tulijua kwa kuwa mmoja wetu amekaa wodini.

Taarifa ya hospitali iliandika kwamba kidonda kilikuwa kimepakwa kitu cheupe kisichojulikana. Muuguzi alikijua mara moja. Ilikuwa dawa ya meno. Binti alifanya kama alivyoona wakubwa wakifanya. Tafadhali, akina mama, tusiache hili lipite: aliyeungua na uji au maji ya moto apozwe kwa maji baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika ishirini, avuliwe nguo iliyolowa kama haijagandia kwenye ngozi, kisha afunikwe kwa kitambaa safi na kupelekwa hospitali. Dawa ya meno, mafuta, siagi, unga, yote hayo hapana. Ngozi ya mtoto ni nyembamba na joto huingia ndani upesi.

Binti alimbeba mdogo wake mpaka kwa jirani, na jirani akaita gari la wagonjwa. Kabla ya jua kuchwa watoto wote watatu walikuwa wamechukuliwa.

Katika ukurasa mmoja wa jalada kulikuwa na sentensi iliyorudiwa kila mahali baada ya hapo: mama alitoa maelezo ya uongo. Alipohojiwa kupitia mkalimani wa simu alisema kwamba aliwaacha watoto na bibi. Afisa alitazama karatasi za ukimbizi na kukuta kuwa bibi wa watoto alifariki kambini. Basi mama ni mwongo. Neno hilo lilimfuata kwa wakili, kwa mshauri, na kwa mwalimu wa darasa la wazazi alilotakiwa kuhudhuria. Mtu akishaandikwa hivyo, hata machozi yake huonekana ni ya kuigiza.

Tulimtembelea Jumamosi. Alitukaribisha kama watu wa kwetu wanavyokaribisha, soda na maandazi mezani kabla hatujasema tumetoka wapi. Tulimweleza kwamba sisi si watu wa serikali, na pia si watetezi wake yeye. Tumeapa kwa ajili ya watoto. Alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Kisha akasema, kwa Kiswahili cha kwao: "Mimi sikuacha batoto peke yabo. Nilimwambia bibi ya kaka yangu akuye kulala nabo."

Tulitazamana.

"Bibi ya kaka yako, ni nani huyo?" baba aliuliza.

"Si bibi yake? Ule aliyemuoa."

Kwetu Tanzania bibi ni mama mzaa mama au mzaa baba. Kwa Wacongo bibi ni mke wa mtu, na hata ndugu zetu wa Kenya husema hivyo. Yule mkalimani wa kwenye simu, ambaye bila shaka alikuwa mtu mwema na huenda alikuwa wa kwetu, alisikia bibi akasema nyanya. Sisi wenyewe tungetafsiri vilevile. Neno moja lilikuwa limemfanya mwanamke kuwa mwongo kwa wiki sita.

Wifi alikuwepo, jengo la tatu katika nyumba zilezile za kupanga. Alitueleza kwa kulia kwamba usiku ule mtoto wake mwenyewe alipandwa na homa, naye akasema moyoni, wale wamelala, nitakwenda asubuhi.

Hatukuruhusiwa kuwa wakalimani katika kesi yetu, na ni vizuri. Tuliandika barua kueleza tofauti ya neno na kuomba apatikane mkalimani anayejua Kiswahili cha Congo. Jaji aliagiza hivyo. Jalada lilirekebishwa, ingawa hatukuona mtu akimwomba mama yule radhi.

Kama kesi ingekuwa filamu, ingeishia hapo. Watu wa jamii yake walidhani imeishia hapo. Habari zilienea kwamba kuna Watanzania wawili mahakamani wanaomtetea mwenzetu, na jioni moja wazee wawili walifika nyumbani na kuku wawili waliokwisha kunyonyolewa na mfuko wa unga wa muhogo. Hatukuweza kupokea. Mnajua maana ya kumrudishia mzee kuku mlangoni? Baba wa nyumba alitoka nao mpaka kwenye gari akiomba msamaha njia nzima, na mmoja wao alisema kwa upole, "Mwanangu, mmekuwa Wazungu." Usiku huo hatukula vizuri.

Ukweli ni kwamba na sisi mioyoni mwetu tulikuwa upande wa mama. Tulitaka watoto warudi, upesi, kabla hawajasahau lugha. Mdogo alikuwa kwa mlezi mmoja mjini, na wakubwa wawili walikuwa kwa wazee wengine kilomita 110 kutoka hapo. Kuwatenganisha ndugu kwa sababu ya upungufu wa vitanda ni jambo ambalo mpaka leo hatujalizoea.

Wale wazee walikuwa watu wema. Walimpikia binti makaroni na jibini, walimnunulia baiskeli. Lakini hakuwa akisema nao. Walidhani hajui Kiingereza, na mwalimu wake alituambia kwamba anasoma vizuri kuliko nusu ya darasa. Kwetu pia alijibu ndiyo na hapana tu, safari ya kwanza, safari ya pili.

Safari ya tatu yule mama mlezi alimvuta muuguzi pembeni kwa aibu. Hakujua afanye nini na nywele za mtoto. Alikuwa amezichana zikiwa kavu, mtoto akatoa machozi, na tangu hapo aliziogopa. Tulimpigia msimamizi simu, kwa maana kazi hii ina makatazo mengi, usimpe mtoto zawadi, usimpakie kwenye gari lako. Aliruhusu. Muuguzi alikaa kwenye ngazi za baraza, binti akakaa chini katikati ya magoti yake, mafuta na kichana kikubwa pembeni, baba wa nyumba akicheza mpira na yule kaka uani. Mnajua wenyewe namna mtoto anavyoanza kuzungumza akiwa anasukwa, haoni uso wako nawe huoni wake.

Alikuwa kwenye mstari wa nne aliposema, "Mama, mimi sitaki kurudi."

Muuguzi hakuacha kusuka. "Kwa nini, mwanangu?"

"Nikirudi nitapewa mtoto tena."

Ndivyo alivyosema. Hakusema hampendi mama yake. Aliuliza baadaye kama mama anakula. Aliuliza kifua cha mdogo wake kikoje. Lakini alikuwa ameshika mzigo wa mtu mzima tangu kambini, na usiku ule mzigo ulimwangukia, na hakuna aliyemwambia kwamba kosa halikuwa lake.

Tulirudi nyumbani kilomita zote zile bila kuzungumza. Taarifa ya mahakama ilitakiwa baada ya siku chache. Tulikaa mezani watoto wetu walipokwenda kulala, na kwa mara ya kwanza katika kazi hii tuligombana. Baba alitaka sentensi ile isiandikwe. "Jaji akisoma hivi, mama huyu amekwisha. Mtoto wa miaka tisa anajua nini? Amekasirika tu." Mama alisema tumeapa. Baba alisema hata Mungu anaona kwamba yule ni mama mzuri. Mama alisema hilo nalo tutaliandika, yote mawili yataandikwa. Hatukufika popote.

Sheria nayo ilitusukuma. Kwa sheria ya nchi nzima ya mwaka 1997, mtoto akikaa kwa walezi miezi 15 kati ya 22, serikali hutakiwa kuomba haki za mzazi zifutwe, isipokuwa kwa sababu maalumu. Texas imeweka kipimo kikali zaidi: kesi iishe ndani ya mwaka mmoja, na kuongezewa muda si jambo la kawaida. Kipimo hicho kiliwekwa kwa huruma, ili watoto wasizeeke wakingoja. Hata hivyo kwa mama anayejifunza lugha, kazi, basi na darasa la wazazi kwa wakati mmoja, mwaka ni mfupi kama Kwaresima.

Asubuhi yake binti yetu mkubwa, wakati huo alikuwa na miaka kumi na minane, alikuwa akinywa chai. Hatukuweza kumweleza habari za kesi. Tulimuuliza tu, kama kwa kupita, kama anakumbuka zile usiku za zamani tulipokuwa tukiwaacha.

"Nakumbuka," alisema. "Nilikuwa nasukuma kochi mpaka mlangoni. Nyinyi mkikaribia kurudi nalirudisha."

Kwa nini hakutuambia? Alitutazama kwa mshangao kidogo. "Mngefanya nini? Mlikuwa kazini."

Baba wa nyumba aliinuka akaenda kuandika ile sentensi mwenyewe, neno kwa neno, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza chini yake.

Tuliandika kwamba watoto warudi kwa mama yao, na tuliandika masharti. Mama apate zamu ya mchana, na mpaka aipate, wifi alale hapo kwa ratiba iliyoandikwa. Binti asiwe mlezi wa mdogo, usiku wala mchana. Apate mshauri anayesema Kiswahili. Watoto watatu wakutane kila wiki badala ya kila mwezi. Mdogo arudishwe taratibu, mwisho wa wote.

Huyu mdogo alikuwa na habari yake. Mlezi wake wa muda, mwanamke asiye na mtoto, alitamani kumwasili, na hakuficha. Tulikuwa tumemhukumu kabla hatujamfahamu. Tulisema huyu anangoja mwenzake ashindwe. Kisha tulifika kwake, tukaona daftari. Kila neno alilosema mtoto aliliandika na tarehe yake, ili mama yake, tunanukuu alivyotueleza, asikose kitu. Alikuwa amenunua unga wa mahindi na kujaribu ugali, sufuria iliungua. Kidonda cha kifua alikisafisha alivyoelekezwa, na kovu lilikuwa laini, muuguzi hakuwa na la kukosoa. Mtoto alimwita mama, kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili hakujua hata maji.

Kanisani akina mama wakisikia kesi za namna hii hupenda kukumbusha hukumu ya Sulemani. Sisi tuliifikiria sana na tuliona haitufai. Pale mmoja alikuwa mwongo. Hapa walikuwa wanawake wawili wakweli na mtoto mmoja, wala hapakuwa na upanga ambao ungeonyesha lolote.

Shauri lilisikilizwa mwezi wa sita mwaka 2019. Jaji alikuwa amesoma kila kitu. Alisoma sentensi ya binti kwa sauti, na mkalimani, safari hii mama wa Kicongo, aliirudia polepole. Tulitazama sakafu. Mama wa watoto hakutazama sakafu. Alisimama bila kuambiwa, na wakili wake akamgusa mkono ili akae, lakini hakukaa.

"Ni kweli," alisema. "Nilimpa mtoto angali mtoto. Mimi nami nilipewa hivyo."

Jaji aliandika kwa muda. Kisha aliamuru watoto warudi chini ya uangalizi wa mahakama, wakubwa kwanza, na kesi ikaongezewa miezi.

Kiwanda kilimpa zamu ya mchana mwezi wa nane. Mdogo alirudi wa mwisho, na wiki mbili alilia kila jioni akimtafuta mwanamke mwingine mlangoni. Mama yake alimbeba tu. Yule mlezi alileta blanketi yake, alileta na daftari, alikaa dakika kumi, hakuweza zaidi. Mwisho wa mwaka 2019 jaji alifunga jalada.

Tunapokuja likizo nyumbani watu hutuuliza kama huku kwetu kuna kitu kama hiki. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imempa afisa ustawi wa jamii kazi ya kumchunguzia mtoto na kuleta taarifa mahakamani, na zipo familia za kuaminika zinazopokea watoto kwa muda. Lakini maafisa hao ni wachache. Mwenye macho anaona nafasi ya jirani iko wapi.

Siku ya ziara yetu ya mwisho mama alikuwa amekaa mkekani akichambua mchicha. Jikoni, ambako ni hatua tatu tu kutoka hapo, maharage yalichemka. Binti alikuwa mezani na hesabu za shule. Mdogo aliinuka, akaenda moja kwa moja kwenye jiko na kunyoosha mkono.

Binti aliinua kichwa. Tuliona kiti kikisogea kidogo. Kisha alimtazama mama yake. Mama alikuwa tayari amesimama, mchicha umemwagika, amemshika mtoto kiunoni na kumweka begani. Mpini wa sufuria ulikuwa umegeuziwa ukutani.

Binti alirudisha kiti, akaendelea kuandika.